Uliza Fundi wa Vyombo: Wati 15 Mbele ya Dramu

Swali. Shikamoo mzee fundi. Napiga gitaa kwenye bendi ya watu watano hapa Morogoro: dramu, besi, kinanda, mwimbaji na mimi. Ijumaa tuko baa, Jumapili mchana tuko kwenye bustani ya hoteli, na watu wakijaa sana ni kama 80. Tunapiga zilipendwa na rumba, na wageni wakiwepo tunawachomekea blues mbili tatu. Nimechoka kuazima amplifaya. Kuna jamaa ana tatu za valvu (zile taa za kioo za kukuzia sauti), zote za mtumba, ameniambia nichague moja: Fender Champ ya wati 5, Fender Blues Junior ya wati 15 na Fender Twin Reverb ya wati 85. Moyo wangu uko kwenye Blues Junior, lakini mpiga besi wetu ananicheka kila siku. Anasema wati 15 ni redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Nichukue ipi?
*Mpiga solo, Morogoro*

Jibu. Marahaba, kijana wangu. Chukua Blues Junior. Mpiga besi wako anapima gitaa kwa kipimo cha besi. Huko kwake sauti nene inakula umeme mwingi, na wati 15 kweli zingemwaibisha. Gitaa linakaa katikati, pale ambapo sikio la mtu ni kali zaidi, kwa hiyo halihitaji kulazimishwa ili lisikike.

Tupige hesabu kidogo, maana hii wauzaji hawaipendi. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu aliyekaa na soda yake ataitambua akiwa makini. Ili huyo huyo aseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji desibeli 10, yaani wati mara kumi. Sasa chukua spika ya kawaida inayotoa desibeli 97 kwa wati 1, ukiwa mita 1 mbele yake. Champ itaifikisha 104. Blues Junior itaifikisha karibu 109. Twin itaifikisha 116, na kwa kuwa ina spika mbili tuiongezee 3 nyingine. Kwa hiyo hiyo Twin unayotishiwa nayo, yenye wati karibu mara sita ya Blues Junior, masikioni ni kama mara mbili basi. Na uzito wake ni kilo 29 hivi, wakati Blues Junior ni kama 14. Twin kwenye bodaboda sahau. Kwenye bajaji itakaa yenyewe siti ya nyuma, wewe utafute pa kujishikiza.

Utasema, mbona wakubwa wa zamani walibeba wati 100? Kwa sababu walilazimika. Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Vox walikuwa na amplifaya ya AC15, wati 15 kama hizo unazochekwa nazo. Bendi ya The Shadows walipoanza kuzidiwa na kelele za mashabiki ndipo ikaja AC30. Kufika 1965 kampuni ya Marshall wanatengeneza za wati 100 kwa ajili ya bendi ya The Who, na Beatles wanapanda jukwaani Shea Stadium, New York, na Vox za wati 100. Zama hizo spika za ukumbini zilibeba sauti ya mwimbaji tu. Gitaa lilijitegemea: kama amplifaya yako haikufika nyuma, basi wa nyuma hawakukusikia. Leo fundi mitambo wako anaweka maiki mbele ya amplifaya, anaingiza kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, na spika kubwa zinafanya kazi ya kupeleka. Amplifaya imebaki na kazi ya jukwaani, wewe na wenzako msikilizane.

Sasa kuna jambo moja ambalo ukisoma maandishi ya Wamarekani kuhusu amplifaya ndogo litakupoteza. Wao wanazitafuta wati chache ili valvu zikolee mapema na sauti ianze kupasuka bila kubomoa ukuta wa baa. Blues inataka hivyo, roki inataka hivyo. Rumba haitaki. Wewe unatoka mji wa Mbaraka Mwinshehe, huna haja ya kuelezwa na mimi: sikiliza gitaa lake, kila noti imesimama peke yake, hata anapokimbia. Piga sebene na sauti iliyopasuka uone noti zinavyoshikana zikawa uji. Kwa hiyo kwako wewe wati ni nafasi ya usafi, na hiyo ndiyo sababu ya kuikataa Champ.

Nieleze vizuri hapo. Ukichapa uzi, ule mchapo wa kwanza unaruka juu sana kuliko mlio unaofuata, desibeli 10 bila shida. Amplifaya safi lazima iwe na nafasi ya kuupitisha mchapo huo bila kuukata kichwa. Champ dari yake ni 104, kwa hiyo mlio wako wa kawaida itabidi ukae kwenye 94 ndipo michapo ipite. Dramu zikipigwa kwa fimbo, ukiwa karibu nazo, zinapita 100. Umeshazama. Utafungua sauti zaidi, itapasuka, na mpiga besi atacheka tena, safari hii kwa haki. Champ ni mali ya chumbani na studio. Bei ikiwa nzuri ichukue uifanyie mazoezi.

Blues Junior dari yake ni 109, kwa hiyo ukiwa msafi utakaa kwenye 99. Inatosha, lakini iko ukingoni, na ndiyo maana nakwambia suala la spika ni kubwa kuliko la wati. Spika za gitaa za inchi 12 hazilingani. Kuna za desibeli 95, kuna za zaidi ya 100, kwa wati ile ile 1. Celestion G12M, ile wanayoiita Greenback, imeandikwa 98. Vintage 30 ya kampuni hiyo hiyo imeandikwa 100. Ukitoa spika ya 97 ukaweka ya 100, amplifaya yako ya wati 15 inafanya kazi ya wati 30, na hujagusa hata waya mmoja wa ndani. Ukibadilisha hakikisha ni ya omu 8 kama ile ya Blues Junior, na uwezo wake usipungue wati 25. Lakini usikimbilie kununua. Piga nayo kwanza maonyesho machache na spika yake, huenda mpiga dramu wenu ana mkono mwepesi.

Jinsi ya kuiweka. Ina vifundo viwili vya sauti, Volume na Master, na vijana wengi wanavitumia kinyume: Volume juu kabisa, Master chini. Hapo umeipasua sauti mlango wa kwanza kisha ukaipunguza mlango wa pili; ndogo, na chafu. Kwa rumba ifungue Master yote, halafu panda na Volume pole pole kutoka chini hadi utakapoanza kusikia ukwaruzo kwenye mchapo mzito, urudi nyuma kidogo. Kitufe cha Fat kiache kimezimwa, kibonyeze wageni wakitaka blues. Kifundo cha besi kishushe kuliko unavyokiweka ukiwa nyumbani. Ukiwa peke yako gitaa lenye besi nene ni tamu, lakini kwenye bendi besi ina mwenyewe, na ukiipunguza wati zako chache zinakwenda kwenye sauti inayosikika. Gitaa litasikika jembamba ukilijaribu peke yako. Ngoja dramu na besi viingie.

Halafu usiiweke chini sakafuni. Spika ya inchi 12 inarusha sauti kali mbele moja kwa moja kama tochi. Ukiiweka chini, tochi inakumulika miguuni, wewe husikii kitu, unaongeza, na meza ya mbele inaumia masikio. Iweke juu ya kreti la soda, uiinamishe nyuma kidogo ielekee kichwani mwako. Blues Junior iko wazi nyuma, kwa hiyo ikisimama mbele kidogo ya mpiga dramu, upande, naye atakusikia bila kuomba. Maiki, kama fundi wenu ana Shure SM57, aisogeze karibu na kitambaa, si katikati ya spika bali kuelekea ukingoni, pale sauti inapolainika.

Nawe ukague kabla ya kutoa hela. Iwashe, iache iimbe nusu saa kwa sauti ya jukwaani, si ya dukani. Chungulia nyuma: valvu zinaning'inia kichwa chini, tatu ndogo za 12AX7 na mbili ndefu zaidi za EL84. Kwenye hizo EL84, ukiona bati la kijivu lililomo ndani ya kioo linageuka jekundu kama mkaa, zima mara moja, kuna tatizo. Ile nyuzi nyembamba ya chungwa katikati ni kawaida, ndiyo hita yake. Kisha chukua penseli, upande wa ufutio, ugonge kila valvu taratibu huku sauti imefunguliwa. Ukisikia mlio mdogo wa kugonga kwenye spika, si kitu. Ikilia kama kengele, au ikaanza kupiga mluzi yenyewe, valvu hiyo imechoka na bei ishuke. Zungusha kila kifundo: kikikwaruza ni vumbi, dawa ya kusafishia inatosha.

Valvu zenyewe ni kama tairi, zinaisha. Nyingi za leo zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, na mwaka 2022 Urusi ilipozuia kusafirisha bidhaa kadhaa nje, bei zilipanda dunia nzima kwa muda. Weka akiba jozi moja ya EL84, 12AX7 moja na fyuzi. Na shoo ikiisha, usiipakie ikiwa ya moto. Hita zikiwa nyekundu ndipo valvu inapochukia mtikisiko kuliko wakati wowote, na barabara zetu unazijua. Izime, kunja nyaya, kunywa maji, kisha beba.

Neno la mwisho kwako, na mwenye duka asilisikie. Kama ukijichunguza ukakuta unapiga safi asilimia mia na zile blues ni mapambo tu, basi fikiria pia amplifaya ya transista. Roland Jazz Chorus, ambayo ilianza 1975, imependwa na wapiga gitaa wa rumba kwa usafi wake, na kuna ndogo yake ya wati 40, JC-40, isiyokuvunja mgongo. Transista ikifika dari inakata kwa ukatili, ndiyo maana unanunua wati nyingi zaidi ili usifike. Valvu inajikunja taratibu. Ukiigusa dari kwa bahati mbaya msikilizaji anaona kama umekoleza. Mimi nikipiga rumba na blues usiku mmoja nataka huo ukarimu, na ndiyo maana nimekuelekeza huko.

Swali. Assalamu alaykum fundi. Mjomba wangu amerudi kutoka Texas, ameniletea Fender Princeton Reverb ya zamani, wati 12, spika ya inchi 10. Nimeambiwa ndiyo saizi ya kupigia kwenye mkahawa na harusi ndogo za hapa Mombasa. Nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Duka moja hapa mjini wanauza kibadilishi kidogo cha kushika mkononi, wanasema kinatosha kabisa. Pili, nikipiga kwenye mkahawa mmoja nikiimba huku nimeshika nyuzi, maiki inaniuma midomo. Je, ni amplifaya au ni maiki?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu. Wa alaykum salaam, bwana. Nianze na la pili kwa sababu hilo linaua. Acha kupiga pale mpaka lishughulikiwe.

Nyuzi za gitaa lako zimeungwa, kupitia waya wa jeki, na bati la amplifaya. Wavu wa maiki umeungwa na bati la mikisa. Vyote viwili vikiwa na ethi nzuri, yaani waya wa kupeleka umeme uliopotea ardhini, vinakuwa sawa, na wewe katikati hupitishi kitu. Kimoja kikikosa ethi, umeme unatafuta njia, na njia ni mkono wako hadi mdomo. Leo ni mwasho, kesho mvua ikinyesha na viatu vikilowa ni habari nyingine. Chukua mita, iweke kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maiki. Inatakiwa isome karibu na 0. Ikisoma volti 60 au 100, usijadiliane na mwenye mkahawa. Mwambie alete fundi umeme aangalie ethi ya soketi zake. Wakati huo huo ukague amplifaya yako: za zamani kutoka Marekani nyingi zilikuja na waya wa miguu miwili, hazina ethi kabisa. Kama yako ni hiyo, fundi anayezijua valvu akuwekee waya wa njia tatu, ethi ifungwe kwa skrubu kwenye bati, na ile kapasita ndogo iliyounganisha bati na umeme aitoe. Kazi hiyo ni ya siku moja.

Na kama waya wa njia tatu tayari upo, tazama hicho unachotumia kushushia umeme. Masanduku mengi ya bei rahisi yana soketi ya kutokea yenye matundu mawili tu. Ethi inaingia, haitoki. Umeshusha volti na umekata ulinzi wako hapo hapo.

Nikirudi kwenye la kwanza: hicho kibadilishi cha mkononi kirudishe rafuni. Vingi vya namna hiyo vimetengenezwa kwa ajili ya pasi za safarini na vikaushia nywele, vinakata umeme vipande vipande badala ya kuushusha, na transfoma ya amplifaya haivumilii hayo. Unachotaka ni transfoma ya kushushia ya chuma na shaba, nzito, ukiinyanyua mkono uone. Soma nyuma ya amplifaya inakula wati ngapi, kisha chukua transfoma yenye uwezo mara mbili ya hapo au zaidi. Ile iliyoandikwa 240 kwa 120 ndiyo ya Kenya, na iwe na tundu la ethi upande wa kutokea. Kabla hujachomeka, pima kinachotoka. Umeme wa Mombasa ukipanda kufika 255, hapo utapata 127, na hita za valvu zinazotakiwa zipate volti 6.3 zitakuwa zinaungua kwa kasi. Hapo stabilaiza si anasa. Kwenye jenereta, ngoja mashine itulie kwanza ndipo uchomeke, na mtu akizima friji au feni kubwa uangalie taa zinavyoruka.

Kuna na hiyo 60Hz. Umeme wetu ni 50Hz, na transfoma iliyokatwa kwa ajili ya 60 peke yake hufanya kazi kwa joto zaidi ikiwa kwa 50. Nyingine zina nafasi ya ziada, zinavumilia miaka. Nyingine hapana. Piga saa moja, zima, kisha fundi wako apime joto la kifuniko cha transfoma ya umeme. Vuguvugu la kuweza kuushikilia mkono ni salama. Kikiwa hakishikiki, au kuna harufu ya vanishi, mwambie aagize transfoma ya 240V 50Hz ya kuingia mahali pa ile. Ni gharama, lakini baada ya hapo unatupa sanduku la kushushia na unachomeka ukutani kama watu wengine. Kwa amplifaya ya urithi kama hiyo mimi ningefanya hivyo moja kwa moja. Ile transfoma ya asili usiitupe, ifunge kwenye gazeti na uiweke. Mnunuzi wa baadaye ataiulizia.

Wanaonunua mitumba ya Japani nao wasome hapa: umeme wa kule ni volti 100, si 120. Ukiiweka kwenye sanduku la 110 umeizidisha asilimia 10 kabla hata umeme wetu haujapanda.

Kwa kumbi ndogo mjomba wako amekuletea kitu kizuri sana. Valvu zake za mwisho ni 6V6, laini kuliko EL84, na ule mwangwi wa springi ukipigia mwambao kwa sauti ya chini unakaa vizuri mno. Kwa harusi ya uwanjani yenye dramu utahitaji maiki.

Swali. Shikamoo baba. Mimi ni mpiga gitaa wa kwaya, Mwanza. Kanisa limenunua Orange Tiny Terror, ile yenye swichi ya wati 15 na 7, pamoja na sanduku la spika moja ya inchi 12. Nimeweka kwenye 7 lakini mzee wa kanisa anayekaa benchi la pili bado analalamika kuwa gitaa linamchoma. Wanakwaya walio nyuma yangu wanasema hawanisikii. Nifanye nini?
*Dada wa kwaya*

Jibu. Marahaba, binti yangu. Swichi hiyo kutoka 15 kwenda 7 ni kama nusu, na nusu ni desibeli 3, kama nilivyomweleza kijana wa Morogoro hapo juu. Mzee wako ataitambua kwa shida. Kazi yake ni kufanya sauti ianze kupasuka mapema zaidi, jambo ambalo kwenye kwaya hulihitaji, kwa hiyo irudishe kwenye 15. Gain ishushe, Volume ndiyo uipandishe, sauti itakuwa safi na haitasumbua.

Kinachomchoma mzee ni ule mwale wa katikati ya spika. Nina hakika sanduku linatazama benchi lake, na kwaya iko nyuma ya sanduku. Ligeuze. Liweke mbele pembeni, likitazama kwaya na wewe, mgongo kwa waumini, na uweke maiki mbele ya spika, iingie kwenye mikisa yenu. Tone igeuze chini kidogo. Hapo wanakwaya wanakusikia, waumini wanapata gitaa kupitia spika za kanisa kwa kiasi anachoamua fundi mitambo, na mzee atakuwa anamlalamikia yeye.

Swali. Fundi, naishi chumba kimoja Tanga, majirani ukutani. Nikichomoa waya wa spika kwenye amplifaya yangu ya valvu, nikabaki nasikiliza kupitia ile jeki ya kutolea mstari kwa hedifoni, kuna ubaya?

Jibu. Kuna ubaya mkubwa. Amplifaya ya valvu isiwashwe na kupigwa bila spika, hata kwa wimbo mmoja. Nguvu iliyokosa pa kwenda inarudi kwenye transfoma ya kutolea, volti zinapanda mpaka zinaruka cheche ndani ya nyaya zake, na hiyo ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko zote humo ndani. Isipokuwa kitabu chake kimeandika wazi kwamba ina mzigo wa ndani kwa ajili hiyo, usijaribu. Vilevile usifungue bati uchungulie; kapasita za ndani zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa ukutani. Kwa usiku nunua kile kidude kidogo cha hedifoni kinachochomekwa moja kwa moja kwenye gitaa, na amplifaya uiache imezimwa.